Kujitolea Uganda: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wanaozungumza Kiswahili na wanataka kujitolea Uganda: Waganda wenyewe, majirani kutoka Kenya, Tanzania, Rwanda na Burundi, na wakimbizi wanaoishi nchini. Maswali yana namba, kwa hiyo jambo lililokwisha kujibiwa utaelekezwa liliko.

## Kabla hujaanza

1. Kujitolea kuna tofauti gani na kufanyishwa kazi bure?

Anayejitolea anajua anamsaidia nani, kwa muda gani, na anaweza kuondoka bila kupoteza haki yake yoyote. Anayefanyishwa kazi bure ameahidiwa ajira "mradi ukipita", anaripoti saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni siku tano kwa wiki, na akikosa siku moja anafokewa kama mwajiriwa. Hali hii ya pili imeenea sana Kampala, hasa kwa vijana waliotoka chuo, na jina la kujitolea halibadilishi kitu.

Dawa yake ni karatasi moja, hata kama ni nusu ukurasa: kazi yako ni ipi, siku ngapi kwa wiki, unaanza na kumaliza lini, nani msimamizi wako, nauli analipa nani na lini. Pande zote mbili ziweke sahihi. Bila karatasi, kila mtu hukumbuka makubaliano kwa namna inayompendeza.

2. Nitalipwa chochote?

Mshahara hakuna. Mashirika mengi hurudisha nauli, na mengine hutoa chakula cha mchana au posho ya siku za mafunzo. Uliza mapema kama nauli hutolewa asubuhi, jioni, au mwisho wa mwezi kwa simu. Jibu la "mwisho wa mwezi" lina maana kwamba wewe ndiwe unayelikopesha shirika. Kama huwezi kuigharimia nauli ya wiki nne kutoka mfukoni, sema siku hiyo hiyo, usingoje wiki ya tatu.

Weka daftari dogo: tarehe, ulikotoka, ulikokwenda, taksi au boda, kiasi. Boda hawatoi risiti, kwa hiyo mhasibu atahitaji orodha yako iliyotiwa sahihi na msimamizi. Ukiandaa orodha hiyo kwa kukumbuka tarehe 30, utapunjwa, na huenda hata wewe usijue umepunjwa kiasi gani.

Wapo pia wanaojitolea chini ya Umoja wa Mataifa, UNV, ambao hupewa posho ya kujikimu kila mwezi. Huko kuna ushindani na masharti ya elimu na uzoefu, kwa hiyo usikuchukulie kama mlango wa kuanzia.

3. Ninahitaji karatasi gani?

Kitambulisho cha taifa (au pasipoti, au kadi ya mkimbizi), picha mbili ndogo, na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa au kijiji unachoishi. Barua ya LC1 huwa na jina lako, kijiji chako na muhuri, mara nyingi na picha iliyogongwa muhuri nusu juu yake. Mwenyekiti huomba ada ndogo. Ukiwa umehamia hivi karibuni, nenda na mwenye nyumba, la sivyo atakwambia hakujui, na atakuwa sahihi.

Kwa kazi yoyote inayokukutanisha na watoto, shirika makini litakudai pia cheti cha tabia njema kutoka kitengo cha Interpol cha polisi ya Uganda, ambako utachukuliwa alama za vidole. Mgeni atadaiwa cha nchi alikotoka. Shirika la watoto lisilokudai cheti hicho, liulize kwa nini.

4. Nitajuaje kama shirika ni la kweli?

Kwa sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016, kusajiliwa peke yake hakutoshi. Shirika linahitaji cheti cha usajili *na* kibali cha kuendesha shughuli chenye tarehe ya kuisha, tena liwe na makubaliano na serikali ya wilaya linakofanyia kazi. Omba kuona vyote. Watu huonyesha cheti kilichotiwa fremu ukutani na kunyamaza kuhusu kibali kilichokwisha muda. Njia ya haraka zaidi ni kwenda ofisi ya wilaya, kwa afisa maendeleo ya jamii, na kuuliza kama analijua shirika hilo.

Ukiambiwa utume "ada ya fomu" au "pesa za fulana" kwa namba ya simu ya mtu binafsi kabla hujaonana na yeyote, acha. Hapo hakuna cha kuchunguza zaidi.

5. Umri wa kuanza ni upi?

Miaka 18 kwa kazi nyingi. Vijana wa chini ya hapo hupokelewa kwenye usafi, upandaji miti na vikundi vya shule, kwa idhini ya mzazi iliyoandikwa. Kuhusu damu, tazama swali la 10.

## Majirani na wakimbizi

6. Mimi ni Mkenya au Mtanzania. Si naingia bila viza?

Unaingia. Lakini ruhusa ya kuingia na kukaa si ruhusa ya kufanya kazi, na idara ya uhamiaji huhesabu kujitolea ndani ya shirika kuwa kazi, uwe unalipwa au hulipwi. Shirika linalokupokea ndilo linalopaswa kukuombea kibali, au pasi maalumu ikiwa unakaa muda mfupi. Mwenye viza ya utalii kutoka nchi za mbali yuko kwenye hali hiyo hiyo. "Wenzako wote wameingia kama watalii" ni jibu linalomlinda mwenye shirika. Atakayetolewa nchini ni wewe.

Njoo na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kile kijitabu cha njano. Chanjo huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo kuchoma asubuhi ya safari hakusaidii.

7. Mimi ni mkimbizi. Naruhusiwa kujitolea?

Ndiyo. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inakupa nafasi ya kufanya kazi na kutembea nchini. Mashirika mengi kwenye makazi ya wakimbizi hutegemea wakimbizi wenyewe kama wahamasishaji na wakalimani. Anzia kwa kamati ya wakimbizi ya eneo lako, RWC1, kwa sababu nafasi hutangazwa huko kabla hazijabandikwa popote.

## Afya

8. Nawezaje kuwa VHT, yaani mmoja wa timu ya afya ya kijiji?

Huombi; unachaguliwa na wanakijiji wenzako. Timu za afya za vijiji zilianzishwa mwaka 2001, na masharti ya msingi ni kuishi kijijini hapo, kuweza kusoma na kuandika, na kuaminika. Anayekaa mjini na kurudi kijijini Jumapili hafai, hata awe na shahada, kwa kuwa mtoto hupatwa na homa usiku wa Jumanne.

VHT aliyefunzwa kutibu watoto wa chini ya miaka mitano hushughulika na mambo matatu: malaria, nimonia na kuhara. Kazi hii ina vipimo, na vipimo ndipo watu wanapoteleza. Pumzi za mtoto huhesabiwa kwa dakika nzima, sekunde 60, akiwa ametulia na kifua kikiwa wazi. Ukihesabu sekunde 30 na kuzidisha mara mbili utakosea, kwa sababu pumzi za mtoto hazina mwendo sawa. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi 12 hadi 59, ni 40 au zaidi. Mtoto akianza kulia, subiri anyamaze uhesabu upya. Kipimo cha haraka cha malaria kisomwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida dakika 15 hadi 20. Kilichosahauliwa mezani saa nzima kinaweza kuonyesha mstari ambao haukuwapo. Kwa kuhara, pakiti moja ya ORS huchanganywa na lita moja ya maji safi. Wengi wanayo chupa ya maji ya nusu lita, wanamimina pakiti yote humo, na dawa inakuwa kali mno. Zinki hutolewa siku 10 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu, na hili mama ataambiwa zaidi ya mara moja.

Dawa zikiisha, andika na utoe taarifa kituo cha afya. Usigawe nusu dozi ili zitoshe wengi.

9. Sina taaluma ya udaktari. Hospitali itanipa kazi gani?

Kuelekeza wagonjwa, kupanga foleni, kupanga mafaili, kusukuma kiti cha magurudumu, kukaa na mgonjwa asiye na ndugu. Wodi nyingi za serikali hutegemea ndugu kumlisha na kumwosha mgonjwa, na asiye na ndugu huumia. Huko ndiko mtu wa kawaida anakohitajika hasa.

Usichome sindano, usifunge kidonda, usitoe dawa, hata ukiombwa na muuguzi aliyezidiwa. Daktari au muuguzi kutoka nje naye anahitaji kusajiliwa kwanza na baraza la taaluma yake Uganda. Shahada ya kwao haimtoshi kugusa mgonjwa.

Chanjo ya homa ya ini aina ya B ina dozi tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ianze mapema. Ukichomwa na sindano iliyotumika, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, mwambie mkuu wa zamu papo hapo, na uulize kuhusu dawa za kuzuia VVU. Zianze kabla ya saa 72 kupita, saa za mwanzo zikiwa bora zaidi, na humezwa siku 28.

10. Kutoa damu kunahesabika kama kujitolea?

Kunahesabika, na damu yote ya huduma ya taifa yenye makao Nakasero hutoka kwa watu wasiolipwa. Uwe na miaka 17 au zaidi, uzani usiopungua kilo 45, na uwe umekula. Wanaume hutoa kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne.

Wachangiaji wakubwa ni wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa benki hukauka. Ukitaka damu yako iwe na maana zaidi, toa Desemba au Januari.

11. Ebola ikizuka, niende kusaidia?

Usijiendee. Mlipuko uliotangazwa Mubende Septemba 2022 na ule wa Kampala Januari 2025 vyote vilikuwa vya virusi aina ya Sudan, ambavyo havikuwa na chanjo iliyoidhinishwa. Kazi ya watu wa kujitolea, chini ya wizara ya afya au Msalaba Mwekundu, ni kuelimisha nyumba kwa nyumba, kufuatilia waliokutana na wagonjwa kwa siku 21, na mazishi salama kwa waliofunzwa.

Ufuatiliaji huharibika kwa sababu ndogo. Mtu wa kujitolea anafika na gari lenye nembo mbele ya nyumba, majirani wanaona, na kesho yake mhusika amehama. Acha gari mbali, tembea, salimia kwanza, na simama umbali wa mita mbili.

## Wakimbizi na ukalimani

12. Naingiaje Nakivale, Kyangwali au Bidibidi?

Watu husema kambi, ingawa rasmi ni makazi, na hayana ukuta. Hata hivyo kazi yoyote humo husimamiwa na Ofisi ya Waziri Mkuu. Utaratibu ni barua ya ofisi hiyo, kisha kujitambulisha wilayani, kisha kwa kamanda wa makazi. Mtu binafsi asiye na shirika hupata tabu kupita hatua ya kwanza, kwa hiyo jiunge na shirika ambalo tayari lina ruhusa.

13. Ninachojua ni Kiswahili tu. Kitanisaidia wapi?

Nakivale, Kyangwali, Kyaka II na Rwamwanja zina Wakongo wengi, na huko Kiswahili ni mali. Arua na Nile Magharibi kwa jumla nako utaelewana na watu. Vijijini Buganda mambo ni tofauti: wazee wengi walikijua Kiswahili kama lugha ya askari na vizuizi vya barabarani, na ukianza nacho uso hukunjamana. Anza na "Wasuze otya, nnyabo?" (umeamkaje, mama?) hata kama Luganda yako inaishia hapo, kisha uombe kuendelea kwa Kiswahili.

14. Ukalimani kliniki au ofisini unafanywaje?

Kaa pembeni kidogo ya mgonjwa, usikae katikati yake na daktari. Sema kwa nafsi ya kwanza: mgonjwa akisema "naumwa tumbo", sema hivyo hivyo kwa lugha ya pili. Usifupishe, usirembeshe, usimjibie. Usimkalimanie ndugu yako, na mwanamke aliyedhulumiwa kimwili atafutiwe mkalimani mwanamke. Ulichosikia chumbani kinabaki chumbani.

15. Kiswahili cha Wakongo na changu vinaachana wapi?

Mahali pa hatari zaidi ni kwenye maneno yanayofanana. Mama kutoka Kivu akisema amempeleka mtoto kwa *munganga*, anamaanisha daktari. Mkalimani aliyekulia Dar es Salaam anaweza kusikia mganga wa kienyeji na kuandika hivyo kwenye faili. *Homa* kwa Mtanzania ni mwili kuwa na joto, kwa Wakenya wengi ni mafua, na jirani yake Mganda anasema *omusujja*, neno linalobeba homa na malaria kwa pamoja. Usitafsiri neno, uliza dalili: mwili una joto? pua inatoka? tangu lini?

Jingine ni saa. Muuguzi anaandika kwenye kadi namba 8 kwa hesabu ya Kizungu, na mgonjwa anaambiwa "saa nane". Anafika mchana, kliniki ya asubuhi imekwisha, na anaandikwa kuwa hakuhudhuria. Sema "saa mbili asubuhi", na umwombe arudie kwa maneno yake.

## Watoto na shule

16. Nataka kusaidia kituo cha yatima kwa wiki mbili. Ni wazo zuri?

Kwa kawaida si zuri. Watoto wengi kwenye vituo hivi wana mzazi mmoja au ndugu walio hai. Kilichowapeleka huko ni umaskini, ada ya shule au ugonjwa. Kituo kinachoishi kwa wageni kinahitaji watoto wabaki humo. Na mtoto anayezoea mtu mpya kila wiki mbili, kisha akaachwa, hujifunza kutomzoea yeyote, au kumkumbatia kila mgeni, jambo linalomweka hatarini.

Chini ya kanuni za mwaka 2013 kituo lazima kiidhinishwe na wizara inayohusika na jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, na mtoto aingie kupitia afisa ustawi wa jamii wa wilaya. Uliza: wangapi wamerudishwa kwa ndugu zao mwaka uliopita? Kama mwenye kituo hana jibu, tafuta mradi unaosaidia familia kuwalea watoto nyumbani.

17. Naweza kufundisha bila kuwa mwalimu?

Kushika darasa peke yako, hapana. Unaweza kumsaidia mwalimu, kusomesha vikundi vidogo baada ya masomo, kuendesha maktaba au klabu ya Kiswahili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliagiza Kiswahili kifundishwe kwa lazima, lakini walimu hawatoshi, kwa hiyo mwalimu mkuu atakupokea vizuri. Njoo mwanzoni mwa muhula; mwaka wa shule huanza Februari na una mihula mitatu. Anayekuja Novemba hukuta mitihani ya PLE, ya kumaliza shule ya msingi, na hakuna mwenye muda naye.

## Miti, maafa na mtaa

18. Miti tunayopanda inakufa kila mara. Tunakosea wapi?

Hapa kuna picha nyingi na kivuli kidogo. Kusini mwa nchi panda mvua zinapoanza, Machi au Septemba. Kaskazini, kuanzia Aprili. Shimo la sentimita 30 kila upande linatosha mti wa mbao, 60 kwa mwembe au parachichi. Weka pembeni udongo wa juu, ndio urudi kwanza chini ya mizizi. Ukipanda kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja hubeba miti kama 1,100. Usilete miche 5,000 kwa watu 20 na asubuhi moja.

Chana mfuko wa plastiki na uutoe wote. Haraka ya sherehe huwafanya watu wapande mche na mfuko wake. Unaonekana mzima kwa miezi miwili, kisha mizizi inajizungusha na mti unanyauka. Baada ya hapo adui ni mbuzi na magugu: palilia duara la mita moja, zungushia miiba, na kila mti uwe na mwenyewe anayejulikana. Shirika lisilo na bajeti ya kurudi baada ya miezi mitatu lisipande.

19. Kukitokea maporomoko ya ardhi kama ya Bududa, niende na koleo?

Hapana. Mteremko uliokwisha kuporomoka huweza kuporomoka tena, na umati huongeza uzito na kuziba njia ya magari ya wagonjwa. Jiandikishe kabla ya maafa kwenye tawi la Msalaba Mwekundu la wilaya yako upate mafunzo ya huduma ya kwanza. Baada ya maafa, uliza kinachohitajika. Mara nyingi ni sufuria, ndoo, blanketi na taulo za kike. Nguo kuukuu hujaza maghala na kuhitaji watu wa kuzichambua.

20. Bulungi bwansi ni lazima?

Ni desturi ya Buganda ya kufanya kazi za pamoja: kusafisha kisima, kuziba mashimo ya njia, kufyeka. Ngoma yake husema *saagala agalamidde*, sitaki anayelala. Mgeni halazimishwi, lakini ukitokea na panga au jembe lako utajulikana mtaani, na barua ya swali la 3 itapatikana kwa urahisi zaidi.

## Ukiwa nyumbani

21. Kuna kazi ya mtandaoni?

Ipo: kutafsiri ujumbe wa afya, kusomesha kwa simu, na kuchora ramani huria ya OpenStreetMap kwa kufuata picha za setilaiti. Kwenye ramani, wanaoanza huchora kichuguu au kivuli cha mti kama nyumba ya nyasi. Tafuta njia ya miguu inayoingia mlangoni, nyumba ina njia. Hifadhi kazi kila dakika chache, maana umeme hautoi taarifa.

## Mambo yakienda kombo

22. Nauli yangu haijalipwa miezi miwili.

Andika ujumbe, usiishie kupiga simu, ukiambatanisha orodha ya swali la 2, na utaje tarehe utakayosimamisha kazi. Ikifika, simama kweli.

23. Nataka kuacha. Niwaambie nini watu ninaowahudumia?

Waambie mwenyewe, wiki mbili kabla, na umtambulishe anayekupokea. Rudisha kitambulisho, fulana na mafaili. Fulana yenye nembo ikibaki mitaani inaweza kutumiwa na matapeli. Omba barua ya utumishi siku hiyo hiyo, kabla msimamizi hajahama.

24. Naweza kupiga picha?

Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2019 inataka ridhaa, na kwa mtoto, ya mzazi au mlezi. Ridhaa ya mtu aliye kwenye foleni ya chakula chako ina walakini: anaogopa kukataa. Piga mikono, kazi, ndoo zilizopangwa.

25. Mtu ninayemhudumia ananiomba pesa. Nimpe?

Usimpe mkononi. Kesho watakuja kumi, na wa kumi na moja atasema unawauzia huduma. Mpeleke kwa msimamizi au kwa shirika linalohusika na shida yake, na ufuatilie kama amepokelewa.

26. Nimeona mwenzangu akimdhulumu mtoto, na yeye ndiye msimamizi wangu.

Usimhoji mtoto mara nyingi na usianze upelelezi wako. Andika ulichokiona: siku, saa, maneno yaliyosemwa. Piga 116, namba ya bure ya kuwalinda watoto, au nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya au dawati la polisi la watoto na familia. Huhitaji ruhusa ya shirika kufanya hivyo, na ukiambiwa "tulimalize ndani", piga kabla hujalala.